Tumbo limekuja, damu haikuja

Kwako Bi Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mke wa mtu, umri wangu ni miaka 27, mkaazi wa mtaa wa Langoni hapa Lamu, nami nakuandikia kwa sababu maumivu niliyoyazoea tangu nilipovunja ungo yamenijia mwezi huu kwa namna nisiyoielewa.

Kwa kawaida tumbo hunianza usiku wa kuamkia hedhi, likanisokota chini ya kitovu hadi kiunoni na mapajani, na damu ikishatoka siku mbili hivi huwa limetulia. Muuguzi mmoja aliwahi kunieleza kwamba chanzo chake ni kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko wa uzazi ujikaze ili utoe utando wake wa ndani, na kwamba ibuprofeni hunifaa kwa kuwa hupunguza kemikali hizo.

Mwezi wangu huja kila baada ya siku 29 au 30. Nazihesabu kwa uangalifu, kwani siku za Ramadhani zinazonipita lazima nizilipe, na daftari ninaloandikia deni hilo ndilo linalonitunzia tarehe zote. Kwa hesabu ya daftari hilo, leo ni siku ya 34. Siku ya 26 niliona matone machache ya rangi ya hudhurungi, yakakatika siku hiyo hiyo, nami nikabaki sijui hata kama niswali au nisiswali. Tangu hapo tumbo linauma kwa mbali, kama linalotaka kuanza lakini halianzi. Matiti yamejaa, ila hayo hunipata hata kabla ya hedhi, kwa hiyo hayanisaidii kupambanua.

Siku ya 28 nilijipima mkojo nyumbani, ukatoka mstari mmoja tu. Baadaye nilisoma kwamba kipimo hicho hutafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kutoka baada ya mimba kujipachika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, jambo ambalo aghalabu hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 tangu yai lilipopevuka. Basi huenda niliharakisha. Kununua kipimo kingine si jambo jepesi, kwa kuwa mwenye duka la dawa lililo karibu ni jamaa wa mume wangu, naye mume wangu yuko baharini, na nisingependa habari imfikie kabla mimi mwenyewe sijawa na hakika nayo.

Mavyaa wangu anasema ni chango, na kila jioni hunichemshia tangawizi. Wifi yangu anasema nina mimba, na ameshaanza kunikataza kubeba ndoo. Kila mtu nyumbani ana hakika isipokuwa mwenye tumbo.

Linalonikosesha usingizi hasa ni binamu yangu wa Faza. Yeye alianza kwa maumivu ya upande mmoja wa kinena, yakafuatwa na kizunguzungu na maumivu ya bega, na kumbe mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, ikabidi avushwe kwa boti usiku. Yangu yako katikati, sina kizunguzungu wala homa, lakini tangu juzi nahisi kama yanaelemea kushoto, na sijui kama ni kweli au ni hofu tu inayonielekeza huko.

Naomba unijibu mambo haya. Je, matone yale yaweza kuwa dalili ya mimba kujipachika, au hedhi imechelewa tu? Nikijipima sasa, kwa mkojo wa asubuhi, jibu litakuwa la kutegemewa, au nisubiri wiki nyingine? Vidonge vinne vya ibuprofeni nilivyomeza wiki hii, kabla sijaanza kushuku, vyaweza kuwa vimedhuru kitu, na kuanzia leo nitumie nini badala yake? Na huku kuelemea kushoto, je, kunanitosha kwenda hospitali kesho, au nimngoje mume wangu, anayetarajiwa Ijumaa?

Wasalaam,
Msomaji wako, Langoni, Lamu