Kwa mama tuliyepanda naye mashua ya Mokowe

Assalaam alaykum mama. Jina lako sikulishika, ila shukrani hizi ni zako.

Kamba iliponipiga jicho gatini Lamu, mkono ulikwenda wenyewe kulisugua. Ukaudaka: "Usiguse, mwanangu!" Uliposikia niliwahi kufanyiwa upasuaji wa leza, ukakata kitako cha kikombe cha karatasi, ukakibandika kwa plasta juu ya nyusi na shavuni, jicho lenyewe lisibanwe. Hukutia dawa yoyote. (Mzee mmoja alikuwa keshashika asali, Mungu amsamehe!) Tulipofika Mokowe ukanitafutia gari.

Daktari wa macho Mombasa alikuta kile kigozi cha konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) kilichokatwa wakati wa leza kimejikunja ukingoni. Akakiinua, akasafisha chini yake, akakilaza sawasawa, akanivika lenzi laini ya kukilinda. Kumbe hakirudii kushika kama zamani. Kinaweza kuhama kwa pigo hata miaka mingi baadaye, na ukichelewa mikunjo inakuwa migumu kunyooka. Kukisugua kungekihamisha zaidi.

Sasa naona vizuri, alhamdulillahi. Nauli uliyonilipia bado nadaiwa. Ukisoma haya nijulishe nikuletee, pamoja na mikate ya mofa.