Maboksi ya chaki

Bagamoyo, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Machungwa ya Muheza yamefika, mawili tu ndiyo yaliyooza njiani. Ahsante sana.

Uliniuliza habari za yale mafunzo ya walimu. Nilikwenda nikidhani ni yale yale ya kusaini mahudhurio na kusubiri chai. Mkufunzi akagawa maboksi matupu ya chaki, akasema: kabla hujalichana, chora litakavyokaa likifunuliwa. Ukumbi kimya! Mimi ninayefundisha maumbo kila mwaka nilichora kitu ambacho ukikikunja hakifungi, kinabaki mdomo wazi kama kapu. Kumbe mchemraba unafunuka kwa namna 11, si ule msalaba mmoja tunaowakaririsha watoto.

Lililonichoma hasa ni zoezi la migongo. Mnakaa wawili mmepeana mgongo, mmoja ana picha, mwenzake ana penseli. Nikasema, "Weka mstari hapa, halafu upande ule." Hapa wapi, na hanioni? Ndipo nikajua kuwa darasani nafundisha kwa kidole. "Sambamba", "mkabala", "geuza robo mzunguko", watoto wangu hawayasikii. Wanasikia "hapa" na "pale".

Nami nilikuwa nikiamini kugeuza kitu kichwani ni kipaji cha kuzaliwa, basi. Tukaambiwa kuna uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 217, ukaonyesha uwezo huo unakua kwa mazoezi, kwa watoto na hata kwa sisi watu wazima.

Jumanne nikajaribu yale maboksi na darasa la tano. Yule wa kwanza darasani alikwama mpaka machozi yakamlengalenga. Aliyemsaidia ni kijana mmoja wa nyuma, mchelewaji, hesabu za kugawanya zinamtoa jasho. "Mwalimu, hizo pande mbili zitalaliana," akasema, hata mkasi hajaushika. Jioni nikamwona stendi anauza karanga, anakunja vile vikaratasi vyake bila hata kuviangalia. Miaka mingapi namwita mzito?

Wewe uko Ngamiani, Tanga mjini, barabara zenyewe zina namba. Waambie watoto wako waelekezane njia ya kutoka shuleni hadi sokoni, mikono nyuma, kidole marufuku. Niandikie wameishia barabara ya ngapi.

Na maboksi ya chaki hapo kwenu msiyachome. Niwekee, nakuja Idi.

Shoga yako,
Zuhura