Barua ya wazi kwa kaka yangu wa Hamburg: Masedonia Kaskazini iingie

Kaka, shikamoo.

Juzi kwenye kundi la ukoo uliandika kwamba Umoja wa Ulaya una nchi 27 na zinatosha, na kama ni lazima kuongeza, basi iwe Ukraine peke yake. Wewe sasa ni raia wa Ujerumani, unapiga kura ya Bunge la Ulaya. Kauli yako ina uzito, ndiyo maana nakujibu hadharani.

Ukraine sina ugomvi nayo. Ninachokuomba ni usiwasahau waliotangulia kwenye foleni.

Juni 2003, mjini Thessaloniki, viongozi wa Ulaya waliziahidi nchi za Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, kuwa kesho yao imo ndani ya Umoja. Masedonia Kaskazini ikapewa hadhi ya mgombea wa uanachama mwaka 2005. Ukraine iliipata 2022. Miaka yote hiyo katikati, wenzetu wamepigwa danadana. Ugiriki ina eneo lake liitwalo Masedonia, haikutaka jirani alitumie jina hilo. Bendera walishaibadili tangu 1995. Mwaka 2018 Zoran Zaev, waziri mkuu wao, akakubali mkataba wa Prespa, makubaliano na Ugiriki kuhusu jina, na Februari 2019 nchi nzima ikabadili jina kutoka Masedonia kuwa Masedonia Kaskazini: katiba, pasipoti, vibao vya mipakani. Ni taifa gani jingine limewahi kutakiwa litoe jina lake ili likaribishwe mezani?

Wakatoa. Oktoba mwaka huohuo Ufaransa ikazuia mazungumzo yasianze. Novemba 2020 ikawa zamu ya Bulgaria, jirani aliyemo ndani ya Umoja, safari hii kwa madai ya historia na lugha. Mazungumzo yakafunguliwa Julai 2022 kwa sharti kwamba Wabulgaria watajwe kwenye katiba. Sensa ya 2021 ilihesabu Wabulgaria kama 3,500 tu. Kuwataja si vibaya hata kidogo, kaka. Kinachoniuma ni kwamba hakuna anayeweza kuwahakikishia kuwa hilo ndilo sharti la mwisho. Mwaka 2024 wapiga kura wakakipa ushindi chama kilichokuwa kikilipinga, na mimi siwalaumu. Wakati huohuo maelfu ya raia wao wamechukua pasipoti za Bulgaria, na wengine wanafanya kazi hukohuko kwenu.

Montenegro nayo iingie bila kuchelewa: ina watu laki sita na kidogo, inatumia yuro, inajadiliana tangu 2012. Serbia isubiri hadi imalizane na Kosovo, ambayo haijaitambua kuwa nchi.

Tatizo ni kwamba kila hatua inataka nchi zote 27 zikubali, hata hatua ndogo ya katikati. Ujerumani na Slovenia zimewahi kupendekeza hatua hizo ziamuliwe kwa wingi wa kura, kauli moja ibaki kwa uamuzi wa mwisho. Naliunga mkono pendekezo hilo kwa moyo wote. Wagombea wakija tena mtaani kwako kuomba kura, waulize wanasimama wapi, kisha unijibu.

Msalimie wifi na watoto.

Mdogo wako