Kwa wahandisi wahitimu, na kwa waliowaacha peke yao saiti

Wanangu,

Wiki iliyopita nilipita kwenye saiti ya ghorofa nne nikamkuta binti aliyemaliza chuo miezi minane tu iliyopita. Lori la zege lilishafika getini. "Shikamoo mzee." Marahaba, msimamizi wako yuko wapi? Akanionyesha simu. Ameambiwa apige picha za nondo, azitume, akijibiwa "sawa" wamwage.

Picha! Mhandisi mtaalamu mwenye muhuri wake anakagua slabu kupitia WhatsApp.

Nikapanda juu. Kwenye roshani nondo kuu zilikuwa zimekanyagwa na mafundi mpaka zimelala kwenye mbao, hazina hata kiti kimoja cha kuziinua. Mnajua wenyewe: roshani imeshikwa upande mmoja, kwa hiyo zege lake linavutika upande wa juu, na nondo ndizo za kubeba mvutano huo. Nondo zikikaa chini ni kama hukuziweka. Na mchoro ulikuwa sahihi kabisa. Binti akasema, "Niliona mzee, ila nikadhani wao wanajua zaidi."

Hapo nikashindwa kumgombeza, maana niliwahi kuwa yeye. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliona kosa hilohilo. Fundi mkuu, rika la baba yangu, akaniambia, "Kijana, tumejenga kabla hujazaliwa." Nikanyamaza. Tulipotoa mirunda iliyoiegemeza, roshani iliinama, ikapasuka juu, pale inapokutana na jengo. Tulikesha tukiibomoa kwa nyundo. Hakuumia mtu, na sifa ya hilo si yangu. Kwa hiyo nawaambia, na nitarudia mpaka mnichoke: heshima kwa fundi ni shikamoo na chai. Zege ni jambo jingine. Sema "simamisheni" hata sauti ikitetemeka, kisha mpigie mkubwa wako aje kwa miguu yake.

Mengine mnayajua. Kuwa na daftari lako. Maelekezo ya mdomo yaandike, yatiwe saini. Kyubu, vile vipande vya zege vya kupima nguvu yake, ziandikwe tarehe siku ileile. Mirunda haitolewi kwa sababu mwenye nyumba ana mpangaji.

Sasa ninyi wenzangu wenye mvi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi iliweka mpango wa miaka mitatu ili mhitimu alelewe kazini kabla ya kusajiliwa kuwa mtaalamu. Alelewe! Wangapi kati yetu tunakutana na hawa watoto siku ya kusaini ripoti tu? Someni habari ya hoteli ya Kansas City, Marekani. Vyuma virefu vilivyoning'iniza vijia viwili, kimoja juu ya kingine, viligawanywa vipande ili iwe rahisi kuviunda, na kiungo cha kijia cha juu kikabeba mzigo maradufu. Michoro ya karakana, ile ya watengeneza vyuma, ikapigwa muhuri, hesabu haikurudiwa. Tarehe 17 Julai 1981 vijia vikaanguka, watu 114 wakafa. Waliofutiwa leseni walikuwa mkuu wa kampuni ya wahandisi na mhandisi wa mradi.

Hapa kwetu, 29 Machi 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka likaua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka, tukafukua tena wenzetu Kariakoo. Tunalia, tume inaundwa, halafu mwenye jengo anarudi kutafuta mhandisi wa bei rahisi, na mhandisi wa bei rahisi anatafuta mhitimu wa kumlipa nauli. Tukikubali bei hiyo tunajua nani atasimama peke yake juu ya slabu.

Lile lori lilirudishwa. Mkandarasi alininunia, ana haki yake. Binti alikaa na mafundi wakakata vipande vya nondo, wakakunja viti, wakainua roshani yote, yeye akipima kwa futi kamba kila hatua. Msimamizi alifika saa tisa alasiri, viatu vya ofisini vinang'aa, akashindwa kupanda ngazi ya mirunda. Akamwomba binti ampigie picha.