Homa haingoji Oktoba

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee kuhusu chanjo ya watoto ya homa ya mafua, ile inaitwa flu au influenza. Mwaka jana mwezi wa pili, hapa Kisumu jua linachoma mpaka ndani ya nyumba ya mabati hakukaliki, kijana wangu wa miezi 14 alishikwa na homa, siku ya tatu akakataa uji, usiku nikamfunua fulana nikaona mbavu zinazama kila akivuta pumzi. Tulilazwa siku nne na oksijeni puani. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba mwanzo wa Januari nilikuwa nimeulizia hiyo chanjo kwa kliniki moja ya kulipia, nikaambiwa ningoje Oktoba ndio msimu wake.

Hiyo Oktoba ni ya Ulaya na Marekani. Huko baridi inakaribia, wanachanja Septemba na Oktoba na kwao iko sawa kabisa. Lakini huku kwetu KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefuatilia homa hii miaka mingi na virusi vinapatikana mwaka mzima, vinapanda vinashuka lakini haviishi, sasa mtoto anangoja nini? Wakati mzuri ni akitimiza tu miezi 6, kwa sababu chini ya hapo hachanjwi, na yule ameshapita apelekwe mapema chanjo mpya ikifika, kila mwaka. Muulize nesi kama ni ya karibuni, kwa sababu Shirika la Afya Duniani hupanga upya aina za virusi vya kuwekwa ndani mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba.

Tena mtoto wa chini ya miaka 9 akichanjwa mara ya kwanza anataka dozi mbili, ziachane angalau wiki 4, halafu mwili unahitaji kama wiki 2 ndio kinga ishike. Jumla wiki 6. Mimi kutoka Januari mpaka tulazwe zilikuwa karibu wiki hizo hizo, nazihesabu kila siku. Ukianza kutafuta chanjo wakati darasa zima linakohoa, umechelewa.

Na si kila mzazi ana pesa ya kliniki ya kulipia. KENITAG, kamati ya wataalamu wanaoshauri serikali mambo ya chanjo, walipendekeza tangu 2016 watoto wa miezi 6 hadi 23 wapewe. Sisi wa huku ziwani tayari tunapeleka watoto miezi 6 na miezi 7 kwa chanjo ya malaria, mama ameshabeba mtoto, ameshapanga foleni, nesi yuko na friji iko, hizo dozi mbili za homa si zingeingia hapo hapo?

Nina mwingine wa miezi 5. Naomba Wizara ya Afya itujibu kupitia gazeti hili, hayo mapendekezo ya 2016 yamefika wapi?

Mama wa watoto wawili,
Kisumu