Hakuna aliyegonga mlango wa bibi

Kwa majirani zangu wote, na hasa ninyi vijana wenye miguu mizima na simu nzuri,

Nawasalimu kwa upendo. Nimekaa siku tisa bila kuandika, maana ningeandika usiku uleule ningewatukana. Hasira imepungua lakini haijaisha, na nimeona niseme kabla hatujasahau sote.

King'ora cha kuonya tonado, ule upepo mkali unaojizungusha kama nguzo kutoka winguni hadi ardhini, kilipolia siku ile, mlikuwa nje. Niliwaona kwa macho yangu. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika ghafla, mawe yametapakaa majanini, wengine mnayaokota na kuyapima viganjani, wengine mnazunguka magari yenu mkitazama palipobonyea. Watatu walikuwa katikati ya barabara, simu zimeinuliwa juu, wanalipiga picha lile wingu jeusi lililokuwa linajizungusha. Mungu alituhurumia, tonado ikashuka mbali na nyumba za watu.

Lakini bibi wa nyumba ya mwisho, ambaye sikio moja limekufa na la pili linasikia kwa kubahatisha, alikuwa amelala kando ya dirisha. King'ora hakukisikia. Jiwe lilivunja kioo, vipande vikamkata mkono na paji la uso, umeme ukazimika, naye akabaki kitandani gizani mpaka asubuhi kwa kuogopa kukanyaga vioo. Usiku huo kundi letu la simu lilijaa jumbe. Nilizisoma zote, moja baada ya nyingine. "Poleni." "Mko salama?" Picha za wingu, picha za magari. Jina la bibi halikutajwa hata mara moja. Nami sijitoi katika lawama hii: nilishuka chumba cha chini ya ardhi na mke wangu, nikafunga mlango, nikajiona nimemaliza kazi.

Wanangu, "mko salama?" ikitupwa kwa watu themanini haimuulizi mtu yeyote. Atakayejibu ni yule ambaye ni salama. Aliyeangukiwa na dari hajibu, wala ambaye simu yake imezima, wala mgeni aliyehamia mwezi uliopita ambaye hata namba yake hatuna. Kumjulia jirani hali ni kumwita kwa jina lake na kungoja mpaka usikie sauti yake. Asipoitika, unakwenda.

Na kwenda kwenyewe kuna wakati wake. Watabiri wa hali ya hewa hutoa taarifa za aina mbili, na wengi wenu mnazichanganya. Kuna tahadhari, inayotoka saa kadhaa kabla: hewa imekaa vibaya, dhoruba inaweza kuzaa tonado. Kisha kuna onyo: tonado imeonekana kwa macho, au rada imeonyesha kwamba inajiunda. Baada ya onyo huenda ukabaki na dakika kumi na kidogo, mara nyingine pungufu ya hapo. Simtaki mtu yeyote azunguke mtaani dakika hizo. Milango igongwe wakati wa tahadhari. Hapo ndipo bibi anaondolewa dirishani, anavalishwa viatu vigumu, anachukuliwa na dawa zake na miwani yake, anakaa na watu wenye masikio. Nilipokuwa kijana tulikuwa na jirani mmoja mkali, mtu wa maneno machache, ambaye mbingu ikianza kuwa ya kijani na hewa ikitulia vibaya alikuwa anagonga milango minne, minne ileile kila mara, kabla ya kuingia kwake. Hakuna aliyemtuma. Alipozeeka hakuna aliyeirithi ile milango, na nadhani ugonjwa wetu ulianzia hapo. Kila mmoja wenu na achague wawili tu.

Sasa habari ya kupiga picha, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ilipita tonado iliyofikia upana wa zaidi ya kilomita 4. Ilibadili mwelekeo na kutanuka kwa dakika chache. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watafiti waliozifuatilia tonado kwa miaka mingi, watu waliojua hesabu zake na tabia zake, wakiwa na vifaa vyao garini. Wewe unayesimama barabarani na simu unajua nini ambacho wao hawakukijua? Siku hiyohiyo watu wengi waliingia magarini kuikimbia, barabara zikajaa, wakakwama mbele yake.

Na kungoja uthibitisho ni maradhi mengine. Huko Joplin, jimbo la Missouri nchini Marekani, tarehe 22 Mei 2011, ving'ora vilianza kulia kama dakika 20 kabla ya tonado kufika. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba wengi hawakujificha waliposikia mara ya kwanza. Walitaka waone wenyewe, au wasikie tena, au wapigiwe na ndugu. Zaidi ya watu 150 walikufa. Nyinyi pia mlikuwa mnangoja kuona.

Tena msidanganywe na utulivu baada ya mawe. Mvua ya mawe kubwa maana yake upepo unaopanda ndani ya wingu una nguvu kiasi cha kuyabeba mawe juu kwenye baridi, yakazidi kuvishwa barafu mpaka yakashindwa kubebeka. Mwaka 2010 huko Vivian, jimbo la South Dakota nchini Marekani, liliokotwa jiwe la sentimita 20 kwa upana, karibu gramu 880. Sasa wingu lenye nguvu hiyo ndilo linaloweza kuzaa tonado, na mara nyingi mawe hutangulia. Mnapotoka kutazama magari ndipo mlipaswa kuwa mmeshuka chini.

Mengine nayataja tu. Chumba cha chini ya ardhi, na kama hakuna, chumba cha katikati kisicho na dirisha, ghorofa ya chini kabisa. Kichwa kifunikwe kwa kofia ngumu, godoro, chochote. Msijifiche chini ya daraja la barabara, upepo hubanwa pale ukazidi nguvu. Msifungue madirisha, hayaiokoi nyumba. Simu iwe na chaji, sauti isizimwe usiku. Ikishapita, msiguse waya ulioanguka, msiwashe kiberiti mkisikia harufu ya gesi, jenereta isiwashwe ndani.

Lakini nisiwalaumu vijana peke yao. Mtaani kwetu wapo wapangaji ambao nyumba zao hazina pa kushukia, na wenye nyumba wanalijua hilo. Wapo wanaoishi kwenye nyumba za kubebeka zisizofungwa vizuri ardhini, na humo ndimo watu hufa zaidi kuliko kwenye nyumba zenye msingi. Mwezi Aprili 1989 tonado moja nchini Bangladesh iliua watu wanaokadiriwa kufikia 1,300, kwenye vijiji vya nyumba dhaifu. Upepo haubagui, ila sisi tulishabagua tulipojenga. Wapo pia ambao onyo hutoka kwa lugha wasiyoielewa vizuri, wakaliona kama kelele nyingine ya simu. Halafu tunakutana msibani na kusema ilikuwa kudra. Nimechoka kulisikia neno hilo kwa watu ambao hawakupewa hata mlango wa kukimbilia.

Nawapenda, na ndiyo maana sikunyamaza. Bibi anaendelea vizuri, nyuzi zimetolewa juzi. Nimekwenda kwake kila jioni wiki hii, nimeshaziandika dawa zake, na tumekubaliana nitagonga dirisha lake la jikoni kwa rungu, kwa sababu mtikisiko anausikia kuliko sauti. Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu. Wa pili ni yule mama mwenye watoto mapacha anayeishi kwenye nyumba isiyo na chumba cha chini.

Kwangu kuna nafasi ya watu kumi na wawili wakibanana. Kufuli la mlango wa chini nimeliondoa. Ingieni bila kubisha hodi.