Shingo Niliyoisugua

Kiuyu, Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum warahmatullah. Sie huku hatujambo, wa wasiwasi ni weye huko Unguja. Bibi yako anakusalimu na anauliza kama unakula. Nilimwambia unakula, tena ndiyo tabu yenyewe, akacheka hadi ushungi ukamvuka.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa barazani, nikaizima mbio, maana mjomba wako alikuwa na wageni wake na wewe ndo kwanza umefika kwenye muwasho wa huko chini. Mara ya pili niliingia nayo jikoni. Mara ya tatu usiku, watu wamelala, ndipo nikafahamu kuwa kinachokuliza si kisukari walichokuambia unacho. Sukari ya 14 asubuhi kabla hujanywa chai umeitaja kama mtu anayetaja bei ya dagaa. Ulipofika kwenye shingo, na majipu ya kwapani, na vile watoto wa skuli wanavyonong'ona ukiwageuzia mgongo kuandika ubaoni, hapo sauti ikakatika. Nikaona haya niyaandike. Kwenye simu ningelia na mimi, na mmoja wetu ingebidi amnyamazishe mwenziwe.

Nianze na shingo, kwa kuwa hilo ni deni langu.

Unaikumbuka harusi ya binti wa shangazi yako kule Micheweni, wewe una miaka 13. Wanawake walikuwa uani wanatwanga singo ya kumsugulia bi harusi, asumini na mawaridi yamejaa ungo, na shangazi yako akasema mbele za watu, "Huyu mtoto haogi? Shingo kama kitako cha sufuria." Nilikushika mkono nikakupeleka nyuma ya banda, nikakukalisha juu ya kigoda. Nikachukua dodoki, sabuni ya kufulia na nusu ya ndimu. Nikasugua. Ulisema, "Mama, inauma," nikakujibu kuwa uchafu ndio unaouma. Nilisugua mpaka maji yaliyokuwa yakikushuka mgongoni yakawa na wekundu. Uchafu haukutoka kwa sababu haukuwapo. Pale palipochubuka palipopona pakawa peusi zaidi kuliko mwanzo, na mie nikasema, basi hata kuoga hujui.

Miaka miwili iliyopita nimekaa kliniki Wete kwa kisukari changu, nangoja kuitwa, nikaiona picha ukutani. Shingo ya mtoto wa watu, nyeusi, nene, ina mikunjo midogo midogo kama kitambaa cha mahameli. Nikasahau hata namba yangu ilipoitwa. Nilipoingia nilimuuliza daktari kuhusu ile picha kabla hata ya kumwonyesha daftari langu. Akaniambia mwili ukiwa hauisikii insulini, ile inayoshusha sukari damuni, kongosho huzidi kuitoa ili kuulazimisha, na ile insulini nyingi inayozagaa damuni ndiyo inayoichochea ngozi ya shingoni, kwapani na mapajani iote nene na kuwa nyeusi. Huweza kuanza miaka mingi kabla ya kisukari chenyewe. Ngozi inakuwa imeshasema, anangojwa mtu wa kusikia.

Nilitoka pale najua. Nikapanda gari nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Miaka miwili, mwanangu. Nilisikia kuna watu wanataka kuja kukuposa, nikajiambia nikilitamka neno kisukari litafika barazani kabla yao. Wenyewe hawakuja hata hao, Mungu awasamehe na nauli yao. Na wewe ungekuwa umepimwa zamani, pengine kabla ya sukari kupanda hadi huko ilikofika. Nisamehe. Ukiona leo huwezi, nitangoja.

Sasa usitoke kwenye dodoki langu ukaingia kwenye mkorogo. Najua huko mjini kuna wanaouza vikopo vya kung'arisha shingo, na najua shosti zako watakushauri. Vingine vina zebaki, na zebaki huharibu figo. Figo zako na zangu zinatosha kuhangaishwa na sukari, hazitaki mgeni mwingine. Weusi ule hupungua wenyewe uzito ukishuka na sukari ikitulia, lakini polepole mno. Usiukague kila asubuhi kwenye kioo. Oga kama watu wanavyooga, paka mafuta, basi.

La huko chini nalo tusilikwepe, maana ndilo uliloliogopa kulitaja. Sukari ikizidi mwilini hutokea kwenye mkojo, na fangasi wanaipenda sukari kama watoto wa Idd. Ndiyo maana unatibiwa, unapona wiki mbili, unarudi pale pale, na ukaanza kujishuku mwenyewe. Bibi yako alijua kuwa babu yako ana kisukari kwa sisimizi waliojipanga chooni, hakuna kipimo kilichofika kijijini wakati huo. Usijidhanie vibaya, wala usikubali mtu akudhanie vibaya. Mwambie daktari neno lenyewe, usizungukezunguke ukaishia kutaja kichwa kuuma. Ukiona haya kwa mwanamume, omba uonane na daktari mwanamke. Wapo.

Mie niliona haya, na haya zile zimenila ngozi. Choa kilinitoka chini ya ziwa, duara dogo kama sarafu, linawasha usiku hata kanga inaudhi. Sikumwambia mtu. Nikaenda duka moja la dawa, nikamwonyesha kijana kwa mbali kwa kidole juu ya nguo, akanipa tyubu, eti inatibu kila kitu. Siku ya tatu muwasho kimya! Nikamwombea dua yule kijana. Baada ya mwezi duara likawa kubwa kama sahani ya chai, halafu likahamia ubavuni, na ngozi ya pale nilipopaka ikawa nyembamba kama utando wa kitunguu, ukiigusa inachanika. Nilipoipeleka tyubu kliniki ndipo nikaelezwa kuwa ndani mna steroidi kali. Steroidi huzima muwasho na wekundu, ukadhani umepona, na huku inaupumbaza ulinzi wa ngozi, fangasi wanapata nafasi ya kutambaa. Tena ikipakwa nyingi kwa muda mrefu huingia mwilini ikapandisha sukari. Nilipewa dawa ya fangasi peke yake, kupaka mara mbili kwa siku wiki nne, na kuendelea hata baada ya choa kutoonekana. Hapo ndipo wengi hukosea. Ngozi ikishasafika mtu huitupa dawa, na mzizi umebaki.

Na kabla ya tyubu, nikwambie ukweli, nilijaribu mafuta ya karafuu. Pemba bila karafuu si Pemba. Nilipaka usiku, nikaamka nimeungua. Bibi yako naye alishauri liwa, hiyo angalau haikunidhuru, ila nilinukia kama bi harusi na choa changu kikiwa palepale.

Kuna jambo moja la udhu ambalo hakuna aliyenifundisha mpaka nimezeeka nalo. Miguu tunaiosha mara tano kwa siku, alhamdulillahi, halafu tunaitia kwenye viatu ingali na maji katikati ya vidole. Pale ndipo ngozi huwa nyeupe, ikalainika, ikapasuka, na ufa mdogo kama ule ni mlango wa vijidudu. Weka kitaulo kidogo kwenye mkoba wako wa skuli. Kausha kidole kwa kidole. Nyayo na visigino vipake mafuta, vikipauka na kupasuka navyo huleta balaa, lakini katikati ya vidole usipake kitu, pawe pakavu.

Majipu usiyakamue. Hata kama rafiki yako ana mkono mwepesi. La kwapani likiwa kubwa, au ukipata homa, au wekundu unazidi kutambaa, siku hiyo hiyo nenda spitali, skuli watapata mtu wa kukaa na watoto. Wembe wa kunyolea tumia mpya na wako peke yako. Majipu yanayorudirudi yaliniandama mie mwaka mzima. Shangazi yako akasema ni hasadi, akaniletea kombe, yale maji yaliyooshea aya za Kurani, nikanywa, sikumvunjia moyo. Lakini majipu yaliacha kurudi pale sukari iliposhuka. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na namba zimo daftarini.

Haya, nije kwenye miguu.

Unajua mie mtu wa mwani. Ilikuwa bamvua, tumeshuka asubuhi kufunga kamba, nami sikuvaa viatu kwa kuwa vilikuwa vimechanika. Nilifanya kazi, nikapandisha magunia, nikarudi, nikaosha miguu, nikatandika msala nikasali. Nilipotoa salamu nikaona doa la damu kwenye msala. Nikadhani ni la mwingine. Nilipogeuza wayo nikakuta kipande cha gome la chaza kimezama chini ya kidole gumba, kimesimama kama kisu kwenye embe, nami sikusikia kitu. Sikusikia hata nilipokichomoa. Kidonda kile kilichukua miezi mitatu, kusafishwa siku moja baada ya moja, na kucha haijarudi mpaka leo. Kila nilipokwenda kufungwa bandeji nilikuwa namwona mzee mmoja aliyekatwa mguu juu ya goti. Yeye alianza na kijilengelenge cha kiatu.

Sukari ikikaa juu miaka huua mishipa ya fahamu ya miguu, ganzi ikaingia bila kubisha hodi. Wewe ganzi huna bado, lakini anza zoea sasa. Kila usiku kabla ya kulala tazama nyayo zako kwa kioo kidogo, na katikati ya vidole. Usitembee pekupeku, hata ndani, hata ufukweni. Kabla ya kuvaa kiatu kikung'ute. Maji ya kuogea yajaribu kwa kiwiko, usiyajaribu kwa mguu. Na ukiona mabaka madogo ya kahawia mbele ya miundi, kama yangu, hayo yaache, hayawashi wala hayana dawa. Nilikaribia kuyasugua nayo.

Vidonge vyako vya metformini vikikuvuruga tumbo vimeze pamoja na chakula, usiviache kimyakimya. Kama siku moja watakuanzishia sindano, usiogope, mie nachoma asubuhi na usiku na bado nafunga mwani. Ila usichome mahali pamoja. Mie paja la kulia nilikuwa nikilizoea kwa kuwa haliumi, kumbe pameota kinundu laini na dawa haifyonzwi sawasawa, sukari ikawa inapanda na kushuka kama dau kwenye kusi. Sasa nahama kidogo kidogo, upana wa kidole kila mara.

Ramadhani haiko mbali. Nenda kwa daktari ingali Shaabani akupangie dawa, usijifungishe kwa kiburi. Kujichoma kidole kupima sukari hakufunguzi, masheikh wamelisema hilo, na sukari ikishuka chini ya 3.9 unafungua hapo hapo hata kama adhana imebakia dakika kumi. Futari nzito tutazungumza ukija. Siwezi kuandika habari za mkate wa kumimina na nikabaki mkweli.

Kipimo chako cha wastani wa sukari wa miezi mitatu ulisema ni asilimia 10. Changu mwanzo kilikuwa 11.4 na sasa ni 7.6. Daktari anataka 7. Mie namwambia aniachie na mie kitu cha kutafuta.

Kuhusu skuli. Ule mtandio unaojifunga shingoni mpaka unatoka harara, ulegeze. Joto la Unguja nalijua, jasho likikaa pale unaongeza muwasho juu ya muwasho. Mtoto akikuuliza, mwambie ni ugonjwa na hauambukizi, uendelee na hesabu. Watoto hutosheka upesi kuliko mashangazi. Shangazi yako mwenyewe nilimweleza juzi, nikamwambia ile shingo aliyoitangaza harusini ilikuwa ikituambia jambo. Alinyamaza, kisha akafungua kola ya gauni lake akaniuliza, "Na hii?" Jumatatu nampeleka kupimwa.

Mzigo huu kakuletea mtoto wa mjomba wako kutoka bandarini Mkoani. Mna taulo mbili ndogo za udhu, viatu vya mpira vya kuvaa ndani, kioo, na mbaazi kavu. Muhogo sikutia, unajua kwa nini.

Ukipata barua nitumie picha. Ya uso usitume, uso naujua. Nataka nyayo, zote mbili, na taa iwe inawaka.

Wasalaam,
Mama yako